Wenge la Uma na Kisu: Mtoto wa Mamba Kwenye Meza ya Washua

Wanangu wa Mamba, bondeni kwetu mkoani Katavi, leo tunapiga stori za msosi, ila sio ule wa kibandani. Kibandani hakuna anayehitaji darasa. Unavuta benchi, unanawa, unaagiza wali perege, mama anauliza "maharage yaje?", unajibu "mwaga", unashusha buku mbili tatu, unasepa. Leo tunaongelea meza ya kishua, ile ya kizungu cha kizamani: kitambaa cheupe kilichopigwa pasi mpaka kinakwaruza, mishumaa inawaka, glasi tatu mbele ya mtu mmoja, uma zimepangwa kushoto, visu kulia, na weita amesimama nyuma yako hasemi kitu. Meza inayomfanya mwana aliyewahi kufukuza kiboko shambani usiku wa manane apate wenge kwa sababu ya kijiko.

Najua utaleta ubishi: hiyo mambo ni ya Paris, au basi Dar, huku bondeni inatuhusu nini? Tulia. Iko karibu kuliko Dar. Toka Mamba, pita Majimoto, pita Usevya, tokea Kibaoni, ushike barabara ya Mpanda. Hapo katikati unaikata Hifadhi ya Taifa ya Katavi mpaka Sitalike. Wengi wetu tumeipita tukiwa tumebanana kwenye basi, tunapambana na mbung'o walioingia dirishani, tunanyoosha shingo kuchungulia viboko wa mto Katuma. Hifadhi hiyo ipo tangu 1974 na ina kilomita za mraba 4,471, na humo ndani kuna kambi za mahema za kishua, Chada Katavi ikiwa mojawapo. Mgeni analipa mamia ya dola kwa usiku mmoja. Giza likiingia meza inatandikwa, taa zinawashwa, msosi unashuka kwa awamu, huku viboko wanaguna gizani. Ulaya ya kizamani imehamia porini kwetu, na anayebeba sahani mara nyingi ni kijana wa Kibongo.

Na hapo ndipo stori yangu ilipo. Watu wanaogopa hiyo meza wakidhani ni mtihani wa kuwaumbua washamba. Mimi nakwambia karibu kila sheria ya pale ni ishara ya kikazi kati ya anayekula na anayehudumia. Ukilijua hilo, wenge linakata lenyewe, maana unaacha kukariri na unaanza kuelewa.

Tuanze na hao hao wazungu, maana nao hawakuzaliwa na uma mkononi. Mwaka 1611 Mwingereza mmoja, Thomas Coryat, alichapisha kitabu cha safari zake akaeleza kwamba Waitaliano wanakula nyama kwa kutumia uma. Yeye mwenyewe akaanza kuutumia nyumbani Uingereza, na washkaji zake wakamcheka kinoma. Kwa hiyo ule uma unaokutisha wewe leo, Mwingereza wa enzi hizo aliuona ubishoo mtupu.

Hata huu mtindo wa kuleta sahani moja baada ya nyingine ni wa juzi juzi. Zamani kwenye dhifa za Ufaransa msosi ulimwagwa mezani kwa mkupuo, masahani kibao, kila mtu anachota kilicho karibu naye. Kulipendeza machoni, ila ukifikiwa na nyama imeshapoa, na kile unachokitamani kiko mwisho wa meza kwa duke fulani. Mwanzoni mwa karne ya 19, balozi wa Urusi mjini Paris, Aleksandr Kurakin, anatajwa kuwa ndiye aliyewaonyesha Wafaransa utaratibu wa kwao: chakula kinaletwa kwa zamu, cha moto kinafika cha moto, kila mtu anapata chake. Ndio maana unakuta zana zote zile mezani. Kila awamu ina zana zake, basi.

Sasa twende mezani kimya kimya, hatua kwa hatua.

Pamba kwanza. Sehemu nyingine zina masharti magumu. Hoteli ya Ritz ya London, iliyofunguliwa 1906, ilijijengea jina kwa kudai koti na tai kwa mwanaume anayeingia ukumbi wake wa kula. Porini Katavi hawakubani hivyo, ila nguo safi, viatu vimefutwa vumbi, kofia umevua, unakuwa umeshamaliza nusu ya kazi. Simu iweke kimya mfukoni. Kuiweka mezani ni kumwambia mwenyeji kwamba unasubiri mtu wa maana zaidi yake.

Ukikaa, kitambaa kidogo kilichokunjwa ni chako. Kikunjue, kilaze mapajani. Ukitoka mara moja kwenda msalani, kiache kwenye kiti, na weita atajua unarudi. Ukikiweka mezani pembeni ya sahani, umemwambia umemaliza na unaondoka. Umeona? Hujafungua mdomo na taarifa imefika.

Zana zinatumika kutoka nje kuja ndani. Zile za pembeni kabisa ni za awamu ya kwanza, zinazofuata ni za awamu ya pili, mpaka umalize. Kijiko na uma vilivyolala juu ya sahani ni vya kitindamlo, hivyo viache mpaka utamu ufike. Sahani ndogo ya kushoto ni ya mkate wako, glasi za kulia ni zako. Ukichanganya hapo utakula mkate wa jirani, na yeye atakula wa jirani yake, meza nzima inaharibika kwa ajili ya mtu mmoja. Mkate wenyewe unamegwa kwa vidole, tonge kwa tonge. Kisu ni cha siagi tu.

Supu inachotwa kwa kusukuma kijiko mbele, kuelekea upande wa pili wa bakuli, halafu unakunywa pembeni mwa kijiko bila kufyonza kwa sauti. Kikija kibakuli cha maji ya vuguvugu na kipande cha limao, tafadhali usinywe. Ni cha kunawia vidole. Hilo kwetu sio geni, tumekulia kwenye birika na beseni.

Halafu kuna hili la kisu na uma ukishaanza kula. Unataka kupumzika upige stori? Viweke juu ya sahani vikiwa vimeachana, kimoja upande huu, kingine upande ule. Umemaliza? Vilaze pamoja sambamba, mipini ikielekea kwako. Ile ni indiketa ya bodaboda kabisa: aliye nyuma yako anajua unakata kona bila wewe kupiga kelele. Weita akiona vimelala pamoja, anatoa sahani, na kwa utaratibu wa kizamani anaitoa upande wa kulia. Chakula huletwa kushoto, vinywaji humiminwa kulia. Ukijua upande anaotokea, hutampiga kiwiko ukiwa kwenye utamu wa stori.

Sasa ishu nzito kwa sisi. Mzungu anashika kisu kulia na uma kushoto, na kwa mkono huo huo wa kushoto anapeleka tonge mdomoni. Sisi tumelelewa kwamba mkono wa kushoto hauli, ukijaribu bibi anakuchapa kofi la mgongo. Ufanyeje? Dawa ipo, tena imethibitishwa na taifa kubwa: Wamarekani wengi wanakata nyama, wanaweka kisu chini, wanahamisha uma mkono wa kulia, ndio wanakula. Hakuna mgahawa uliowahi kuwafukuza. Kata, hamisha, kula. Adabu ya nyumbani imebaki salama na ya mezani pia.

Mvinyo nao una usanii wake. Weita anafungua chupa, anamimina kidogo kwa aliyeagiza, anasubiri. Watu wanadhani hapo lazima ufumbe macho uzungushe glasi ujikute bingwa. Hapana. Anakuomba uhakikishe kama haujaharibika. Nusa, onja, itikia kwa kichwa, mchezo umekwisha. Na kama wewe sio mtu wa mvinyo, sema "maji yananitosha, asante" na maisha yanaendelea. Hakuna mzungu mwenye akili anayemaindi hilo.

Nyuma ya pazia ndipo kuna jeshi lenyewe, na naposema jeshi sitanii. Auguste Escoffier, Mfaransa aliyewahi kupikia jeshi kwenye vita vya 1870, alipoingia hoteli ya Savoy ya London mwaka 1890 aliligawa jiko kwa vikosi: huyu sosi, huyu samaki, huyu nyama za kuoka, huyu vitamu. Matusi na ulevi jikoni akavipiga marufuku. Kitabu chake cha 1903, Le Guide Culinaire, bado kinasomwa na mashefu. Hiyo kazi watu wanaichukulia serious mpaka kupitiliza. Mwaka 1671 François Vatel, msimamizi wa dhifa aliyopewa Mfalme Louis XIV pale Chantilly, alijiua kwa upanga kwa sababu samaki walichelewa kufika. Samaki, wanangu! Nao walifika, yeye akiwa ameshakufa. Na pale La Tour d'Argent, Paris, tangu 1890 kila bata anayepikwa kwa mtindo wao anapewa namba, na mgeni anaondoka na kadi yenye namba ya bata wake. Walishavuka milioni moja.

Huku Afrika Mashariki meza hii ilishuka na ukoloni. Nairobi ikapata Norfolk Hotel mwaka 1904. Dar ikapata Kaiserhof ya Mjerumani, na pale pale leo pana New Africa Hotel. Hata Ziwa Tanganyika, meli iliyotengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa Kigoma vipande vipande kwenye maelfu ya makasha, ndiyo hii tunayoiita Liemba, na abiria wa daraja la kwanza walikuwa na ukumbi wao wa kula. Kwenye hoteli hizo za wakubwa, Mwafrika wa enzi hizo aliingia akiwa amebeba trei. Hakuingia kubebewa. Mababu waliovaa kanzu nyeupe na tarabushi nyekundu ndio walioijua meza ile nje ndani: kisu kinakaa wapi, glasi ipi ya nini, bwana mkubwa ameshiba au bado. Sasa niambie, mjukuu wa watu hao anapata wenge la nini?

Na usidhani kwetu hakuna sheria. Kaa mezani kwa mzee yeyote bondeni uone. Mkubwa ananawa kwanza, anayenawisha ni mdogo. Hauchoti kabla ya mzee. Haufukunyui sinia kutafuta minofu, unakula upande wako. Mboga haimaliziwi na mtoto. Haunyanyuki umemwacha mgeni anakula peke yake. Aliyelelewa hivyo ameshajua jambo gumu kuliko yote mezani, yaani kumuangalia mwenzako kabla ya tumbo lako. Mizengo Pinda alitoka Kibaoni, akajulikana nchi nzima kama mtoto wa mkulima, akawa Waziri Mkuu kuanzia 2008 hadi 2015. Cheo kile hakikwepi dhifa za kitaifa. Uma hujifunzwa jioni moja, malezi ndiyo yanayochukua miaka.

Kuna na upande wa mkwanja, na huu wana wengi wanaulalia. Anayeijua meza hii vizuri ana kazi mkononi. Kambi za porini, hoteli za Zanzibar na za Arusha zote zinataka mtu anayeweza kuhudumia awamu tatu bila kumwaga sosi kwenye shati la mgeni. Chuo cha Taifa cha Utalii kinafundisha mambo haya, na vyuo vya VETA vinatoa kozi za hoteli. Mtoto wa Mamba ana faida ambayo wa Masaki hana: anajua mbung'o, anajua njia, hashtuki simba akiunguruma wakati anamimina kahawa. Akiongeza uma na kisu, na Kiingereza cha kuombea maji, huyo ameshatusua.

Unataka kujipima kabla? Fanya geto. Sahani ya kawaida, uma kushoto, kisu kulia, kuku wa kienyeji mbele. Huyo kuku ndiye mwalimu mkali, maana misuli yake haina huruma na kisu butu. Ukimkata huyo bila kumrusha sakafuni, nyama laini ya washua utaichana unacheka.

Halafu siku ukialikwa kweli, au ukajichanga ukaenda na manzi wako sehemu ya maana, cheki jambo moja. Weita akileta sahani, mtazame usoni, sema asante. Usimpigie miluzi, usimwite kwa kugonga glasi. Bili ikija isome, uone kama wameshaweka malipo ya huduma. Kama hawajaweka, acha chochote cha heshima, maana amesimama masaa yote uliyokaa wewe. Na kabla hujatoka, mvute pembeni umuulize kiutu uzima: bosi wako anaajiri lini?