Tairi Lina Mbele na Nyuma

Ilikuwa mwezi wa Aprili, masika yamekolea. Mvua ilinyesha tangu asubuhi. Pikapu moja ilikuwa inarudi kutoka soko la Kiboriloni kuja huku kwetu Old Moshi. Ilibeba magunia 8 ya mahindi. Juu ya magunia walikaa kina mama waliotoka kuuza ndizi.

Gari liliacha barabara kuu, likaingia njia ya udongo ya kijijini. Lilipofika mahali ambapo maji ya mfongo huvuka njia, gurudumu la nyuma lilianza kuzunguka bure. Dereva akakanyaga mafuta. Gari halikupanda. Liliteleza kinyumenyume mpaka likaegemea ukingo.

Hakufa mtu. Mama mmoja aliteguka mkono. Magunia mawili yalianguka kwenye mfongo, mahindi yakalowa. Yalikuwa chakula cha nyumba mbili.

Mimi nilikuwa katika kihamba cha jirani tukikagua kahawa. Tulikimbia kusaidia. Tulipomaliza kuwashusha watu, bibi mmoja mwenye fimbo aliinama akatazama nyayo za gari kwenye matope.

"Bwana Shamba, hebu njoo," akaniita. "Mbona gari hili mguu mmoja unakwenda nyumbani, mwingine unarudi sokoni?"

"Una maana gani, bibi?"

"Tazama mwenyewe. Hii alama inaelekea chini. Hii inaelekea juu."

Alisema kweli. Kila gurudumu lilikuwa limeacha alama kama herufi V. Upande wa kushoto ncha ya V ilitazama chini, kulikotoka gari. Upande wa kulia ncha ilitazama juu. Dereva alikumbuka kwamba jana yake tairi la kulia la nyuma lilipata pancha. Fundi aliliziba, akalirudisha kwenye ringi kinyume.

Mimi ni bwana shamba, si fundi wa magari. Lakini ndizi hazifiki sokoni kwa miguu yake. Kwa hiyo nilikwenda kuuliza wanaojua, na haya ndiyo niliyojifunza.

Ile mikato na vinundu vya tairi madereva huita kashata. Kazi yake ni kuuma udongo na kutoa maji na matope chini ya gurudumu. Kashata nyingine hazina mbele wala nyuma. Tairi la namna hiyo unaweza kulifunga upande wowote. Lakini kashata zenye umbo la V zina mbele na nyuma. Ncha ya V hugusa ardhi kwanza, kisha mikono yake hufuata. Matope husukumwa nje, kulia na kushoto. Ukiligeuza tairi, mikono hutangulia na ncha hufuata. Hapo matope husukumwa katikati, yanashindiliwa kwenye mikato, na tairi jipya linakuwa kama kipara.

Utajuaje? Simama mbele ya gari, tazama tairi. Ncha ya V iwe inatazama chini. Nenda nyuma ya gari. Huko ncha iwe inatazama juu. Magurudumu makubwa ya trekta zinazolima kule tambarare hufungwa vivyo hivyo. Na alama inayobaki njiani, kama alivyoona bibi, ncha yake huelekea kule gari lilikotoka.

Tena tairi lenyewe limeandikwa. Ubavuni kuna mshale, na mara nyingi karibu yake kuna neno la Kiingereza ROTATION, maana yake mzunguko. Mshale unaonyesha gurudumu lizunguke wapi gari likienda mbele. Matairi mengine yana neno OUTSIDE, yaani upande huu ukae nje.

Ikiwa magurudumu yote mawili ya nyuma yamefungwa kinyume, hakuna haja ya kung'oa tairi kwenye ringi. Hamisha la kulia liende kushoto, na la kushoto liende kulia. Ikiwa ni moja tu, lazima livuliwe kwenye ringi na kugeuzwa. Wakati wa kufunga nati, usizunguke moja baada ya jirani yake. Kaza moja, kisha ya upande unaoielekea, kidogo kidogo, mpaka zote zikaze. Ukishatembea kama kilomita 50, zikaze tena.

Ndani ya mikato utaona vijinundu vidogo. Kashata zikilika mpaka zikalingana navyo, zimebaki milimita 1.6 tu, na tairi limekwisha. Kwa milima yetu wakati wa masika mimi nasema libadilishwe mapema zaidi.

Zamani matairi mengi yalitoka kiwanda cha General Tyre, Arusha. Kiwanda hicho kilisimama mwishoni mwa miaka ya 2000. Siku hizi matairi hutoka nchi za nje, na lililokaa ghalani miaka mingi huweza kung'aa kama jipya. Tafuta ubavuni herufi DOT. Mwisho wa mstari huo kuna tarakimu 4. Zikiwa 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Sisemi kwamba tairi peke yake ndilo lililoangusha yale magunia. Mzigo ulikuwa mkubwa, na watu hawakupaswa kukaa juu yake. Dereva mwenyewe alikubali hayo yote. Alirudi kwa fundi, tairi likageuzwa.

Yule bibi bado huenda Kiboriloni kila siku ya soko. Kabla ya kupanda huzunguka pikapu mbele na nyuma, fimbo mkononi, na dereva humngoja. Juzi alimwonyesha gurudumu la akiba.

"Na hili, mwanangu, ni la upande gani?"

Dereva alilazimika kulishusha wautafute mshale.