Ufuta Ambao Dada Hakumbuki Kuuuza

Ilikuwa Novemba, minada ya korosho imepamba moto, nilipopigiwa simu kutoka Ruangwa. Mpwa wangu alikuwa analia. "Mjomba, mama anasema nimemwibia ufuta." Kwetu Wamwera ugomvi wa mama na mwanawe hufikishwa kwa mjomba, nami ndiye mjomba. Nikaondoka Nachingwea asubuhi ile ile.

Nilimkuta dada amekaa mlangoni mwa ghala, funguo mkononi, ghala tupu. Nikamwamkia. Akaitikia, kisha akasema, "Mdogo wangu, nimelima ekari nne. Ufuta wangu uko wapi?"

Ufuta alikuwa ameuuza mwenyewe mwezi Juni. Magunia yalipelekwa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, yakaingia mnadani, fedha zikapitia benki. Nilipekua hadi nikaipata stakabadhi chini ya godoro: kilo 412, na sahihi yake. Aliitazama sana. Akaifuatisha kwa kidole, herufi moja moja, kama mtoto anayejifunza kuandika. "Huu ni mwandiko wangu," akasema. "Lakini mimi sikuwepo."

Kati ya Juni na siku ile sonona ilikuwa imempitia dada yangu. Ilianza na usingizi, ikaja kwenye chakula, mwisho akanyamaza kabisa. Vidonge havikumsaidia. Alikuwa anakonda, karibu afe, huku ugali umewekwa mbele yake. Tukampeleka hospitali ya mbali, na huko akapewa tiba ya mshtuko wa umeme.

Jina hilo linatisha, na zamani lilikuwa na sababu ya kutisha. Tiba hii ilianzia Roma mwaka 1938 kwa madaktari Ugo Cerletti na Lucio Bini. Wakati ule mgonjwa hakupewa dawa ya usingizi, na mwili ulitupwa kwa nguvu hadi wengine wakavunjika mifupa. Siku hizi mgonjwa hupigwa nusu kaputi, akapewa na dawa ya kulegeza misuli, ndipo umeme kidogo hupitishwa kichwani kwa sekunde chache. Ubongo hupata kifafa kifupi ambacho kwa kawaida hakimalizi dakika moja, na mwili hautikisiki sana. Hufanywa mara 2 au 3 kwa wiki, jumla mara 6 hadi 12. Shirika la Afya Duniani linataka ifanywe kwa nusu kaputi, na kwa ridhaa ya mgonjwa aliyeelezwa akaelewa.

Baada ya mara ya nne dada aliomba uji. Baada ya mara ya nane alicheka. Mtaani walisema umeme umemuunguza akili. Mimi nasema tiba ile ilimrudisha mtu aliyekuwa anatutoka, na ikibidi nitampeleka tena.

Lakini kumbukumbu huguswa. Yanayopotea zaidi ni mambo ya wiki na miezi iliyo karibu na tiba. Ya zamani kwa kawaida hubaki. Dada, aliyezaliwa 1954, hakuujua mnada wa Juni, ila jioni ile alinisimulia mlio wa treni ya Nachingwea, ile reli ya mradi wa karanga iliyong'olewa alipokuwa mtoto. Akanitajia vijana wa FRELIMO waliokuwa wakifanya mazoezi kambini kabla ya uhuru wa Msumbiji wa 1975, mpaka nyimbo walizopita wakiimba.

Uwezo wa kushika mambo mapya nao huyumba, ila hurudi. Mwaka 2010 Maria Semkovska na Declan McLoughlin, watafiti wa Dublin, walichambua tafiti 84 zenye wagonjwa karibu 3,000. Waliona kwamba vipimo vingi hushuka zaidi katika siku 3 za kwanza, na baada ya wiki 2 vingi vimerudi, vingine vikiwa bora kuliko kabla ya tiba. Hilo la mwisho lisikushangaze, maana sonona yenyewe hula kumbukumbu.

Kwa hiyo mazoezi ya kumbukumbu anayopewa mgonjwa baada ya tiba hayafanywi ili kuufukua ufuta wa Juni. Yanamsaidia mgonjwa kuishika kesho. Utafiti wa mazoezi hayo kwa wagonjwa wa tiba hii bado mchanga. Mbinu nyingi zimetoka kwa waliojeruhiwa kichwa na kwa wazee wanaosahau. Muuguzi mmoja alinielekeza. Unachukua jambo moja, mathalani saa ya kunywa dawa. Unamwambia, kisha unamuuliza baada ya dakika 1, baada ya 5, baada ya nusu saa, halafu kesho. Akikwama, mpe jibu hapo hapo. Akibahatisha, kosa ndilo litakaloshika.

Hapo nilipata kazi. Nimefundisha shule ya msingi miaka 31, na mazoea yangu ni kuuliza na kusubiri. Siku za kwanza nilimsubiri dada mpaka machozi yakamtoka. Nikajifunza kumwambia, "Saa mbili usiku, dada," bila kumwacha ahangaike.

Tukanunua kaunta buku. Kila jioni anaandika mistari mitatu: nani alikuja, nini kimenunuliwa, kesho kuna nini. Ukurasa wa kwanza nilibandika ile stakabadhi. Mpwa wangu aliombwa radhi mbele yangu.

Daftari lile lilipaswa kuwepo kabla ya safari ya hospitali. Ndugu msomaji, kama una mgonjwa anayeandaliwa tiba hii, usimzuie. Muulize daktari kama vishikizo vya umeme vitawekwa upande wa kulia tu wa kichwa, maana hapo madhara kwa kumbukumbu hupungua, na kama kumbukumbu ya mgonjwa itapimwa kabla ya siku ya kwanza. Kisha kaeni naye, aandike mwenyewe au amwandikishe mtu anayemwamini: nini kimeuzwa, nani anadaiwa, fedha ziko benki gani.