La Union, mkoa unaotamba kwa mawimbi

MTAJIE shabiki wa michezo nchi ya Ufilipino, jibu litakuja haraka: ngumi, Manny Pacquiao. Ukimbana zaidi atakuongezea mpira wa kikapu, maana Wafilipino kwa kikapu hawaambiwi kitu. Lakini toka Manila, panda kaskazini kama kilomita 270 hivi, ufike La Union. Kule stori siyo ulingo. Kule stori ni mawimbi.

Ni mkoa mwembamba uliobanwa kati ya milima na bahari, magharibi mwa kisiwa cha Luzon. Ulianzishwa mwaka 1850 kwa kuunganisha maeneo ya Pangasinan, Ilocos Sur na milima ya jirani, ndiyo maana Wahispania wakauita Muungano. Vijana wa Manila hawana muda na jina refu, wao wanasema 'Elyu', yaani herufi L na U.

Vya kuona vipo. Bauang wanalima zabibu, Bangar wanafuma vitambaa vya inabel kwa mkono, Luna ina ufukwe wa kokoto badala ya mchanga, na San Fernando, makao makuu ya mkoa, kuna hekalu la Kichina la Ma-Cho.

Lakini tuseme ukweli, wengi wanaofunga safari wanaenda mji mdogo wa San Juan, kwenye ufukwe wa Urbiztondo, kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao. Msimu wenyewe ni Novemba hadi Machi, upepo wa amihan unapovuma kutoka kaskazini mashariki.

Hapo San Juan ndipo mchezo huo ulipochezwa kwa mara ya kwanza katika Michezo ya Kusini-Mashariki mwa Asia, Desemba 2019. Kimbunga Tisoy kilikuwa kimetoka kuipiga nchi, ratiba ikavurugika, bahari ikachafuka.

Desemba 6, kijana wa hapohapo, Roger Casugay, alikuwa majini akishindana kwa ubao mrefu. Mpinzani wake kutoka Indonesia, Arip Nurhidayat, akakatikiwa na kamba inayomfunga mteleza mguuni. Kwa asiyeujua mchezo huu, kamba hiyo ndiyo roho yako: ikikatika, ubao unakwenda zake na wewe unabaki na mawimbi.

Casugay angeweza kuendelea kusaka pointi, na kusingekuwa na kosa lolote kwa kanuni za mchezo. Ni mashindano makubwa, tena nyumbani, mbele ya watu wake. Akaachana na pointi, akamfuata jamaa, wakarudi ufukweni pamoja wakiwa hai. Hadi Rais wa Indonesia wa wakati huo, Joko Widodo, alimpongeza hadharani.

Mashindano yakaahirishwa, na yaliporudi, Casugay akatwaa dhahabu Desemba 8. Fainali yenyewe ilikuwa ya Wafilipino watupu, yeye na Rogelio Esquivel Jr. Ufilipino ilimaliza kileleni ikiwa na dhahabu 149, lakini ukiniuliza mimi, hii ya San Juan ndiyo iliyosafiri mbali kuliko zote.

Sasa jina limekua na wageni wameongezeka, na hapo ndipo mtihani wa La Union ulipo. Hoteli na migahawa vimejipanga ufukweni, fedha inaingia, na vijana wanapata kazi ya kufundisha wageni kusimama juu ya ubao. Lakini bahari haiongezwi kama vyumba vya hoteli. Kwa utaratibu wa mchezo huu, wimbi moja ni la mtu mmoja: aliye karibu zaidi na pale wimbi linapovunjikia ndiye mwenye haki, wengine wanampisha. Wikiendi ya msimu, watu wakifurika majini, unaweza kukaa juu ya ubao wako muda mrefu unasubiri zamu tu.

Kwa hiyo ukibahatika kufika huko, nenda siku za katikati ya wiki.