Mtoto Asiyepata Alama: Tumtafutie Shule Gani?

Kila mwisho wa mwaka wa shule karatasi moja huleta huzuni katika nyumba nyingi za Nyamugo, Nkafu na Cimpunda. Karatasi hiyo ni buletini. Mtoto ameanguka, au amepita kwa shida. Baba hukasirika, mama hulilia pesa za shule zilizopotea, naye mtoto hunyamaza. Twataka kusema leo juu ya kunyamaza huko.

Kwanza, buletini isomwe. Wengi wetu hutazama asilimia iliyoandikwa chini, kisha hukunja karatasi. Lakini kila somo lina jumla yake, kubwa au ndogo, na somo moja zito laweza kumwangusha mtoto aliye hodari katika masomo mengine. Tuseme kijana wa miaka 16 amewekwa katika sehemu ya sayansi, kwa kuwa baba yake ataka awe daktari. Fizikia na kemia zamshinda kila semesta. Lakini katika kuchora hana mwenzake, na jirani akiharibikiwa na redio humwita yeye. Je, kijana huyu ni mvivu? Sisi twaona amewekwa mahali pasipo pake.

Lakini tusifanye haraka kusema hivyo. Yafaa kuuliza pia analala saa ngapi. Wako watoto wa Kadutu wanaoamka usiku kutafuta maji, nao hujifunza kwa mshumaa umeme unapokatika. Alasiri wamekwisha fika sokoni kumsaidia mama. Wengine hawaoni ubao vizuri, na hakuna aliyewapima macho. Wengine wanajua jibu kwa Kiswahili au kwa Kimashi, ila Kifaransa cha mtihani chawafunga ulimi. Tena mwezi wa Februari 2025, mji ulipotwaliwa na M23, shule zilifungwa kwa muda, na mioyo ya vijana haikutulia siku milango ilipofunguliwa. Kwa hiyo zitazameni buletini za miaka mitatu, wala si ya mwaka mmoja tu, mkiwa pamoja na mwalimu wa darasa. Mtoto aliyekuwa akifaulu akaporomoka ghafula ana shida nyingine kuliko yule asiyeelewa hesabu tangu mwanzo.

Ikionekana kwamba sehemu ndiyo isiyomfaa, abadilishwe mapema. Kuna sehemu ya ualimu, ya biashara, ya ushonaji, ya ujenzi, ya umeme, ya mitambo. Hapa Bukavu kuna shule ya ufundi inayoitwa Fundi Maendeleo, na jina hilo halimwaibishi mtu. Wazazi wengi hudhani shule ya ufundi hufunga mlango wa chuo kikuu. Sivyo. Anayemaliza miaka yote ya sekondari ya ufundi huketi katika Mtihani wa Serikali, ulioanzishwa mwaka 1967, naye akipata asilimia 50 au zaidi hupewa Diploma ya Serikali kama wenzake. Mafunzo mafupi ya kazi ni jambo jingine. Hayo hayafiki kwenye diploma hiyo. Ulizeni vizuri kabla ya kuandikisha.

Twajua neno ambalo baba atajibu: “Mwana wa fulani yuko Alfajiri.” Shule hiyo ya Wayesuiti, iliyofunguliwa mwaka 1938, ina sifa yake, nasi hatuipunguzi. Lakini katika Injili yule bwana hakuwagawia watumishi wake talanta sawasawa, wala hakumkaripia wa talanta mbili kwa kukosa tano.

Hata baada ya diploma njia ni nyingi kuliko tunavyodhani. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Bukavu, kilichoanzishwa mwaka 1989, kina uganga, sheria, uchumi na kilimo. Lakini ISP huandaa walimu wa sekondari, ISTM wauguzi na wapimaji wa maabara, na ISDR watu wa maendeleo ya vijijini. Kijana aliyeshindwa kuwa daktari aweza kuwa mpimaji wa damu ambaye daktari hawezi kufanya kazi bila yeye.

Jambo moja twalikataa kabisa, nalo ni kumhamishia mtoto katika shule ambamo alama hununuliwa. Mtoto anayenunuliwa alama ameambiwa na baba yake mwenyewe kwamba hawezi kitu.

Msingoje Septemba, madawati yakiwa yamejaa. Nendeni wakati wa likizo, mtoto akiwa pamoja nanyi. Ombeni kuona karakana. Tazameni kama mashine zinafanya kazi au zimefunikwa vumbi. Ulizeni wanafunzi wangapi walipata diploma mwaka uliopita, na gharama zote ni kiasi gani, pamoja na vifaa. Kisha baba anyamaze kidogo, na mwana mwenyewe aulize maswali yake.