Deni la nyuma kwenye mita ya LUKU: mambo manne ya kuhoji kabla ya kulipa

Na Mwandishi Wetu, Kibaha

Mfumo wa Lipa Umeme Kadri Utumiavyo, maarufu kama LUKU, ulianza kutumika nchini katika miaka ya 1990 ukiwa na ahadi inayoeleweka kwa kila mteja, kwamba anayelipa kwanza hadaiwi baadaye. Kwa sababu hiyo, mkazi wa Kata ya Sofu mjini Kibaha anayenunua umeme na kukuta sehemu kubwa ya fedha yake imekatwa kwa jina la deni, au anayepokea barua ya kumtaka alipie matumizi ya mwaka uliopita, hupigwa na butwaa. Wapo wanaolipa kwa hofu ya kukosa umeme, na wapo wanaokataa kwa hasira bila kuandika neno. Wote wawili hupoteza nafasi ambayo sheria imewapa, yaani kulihoji deni hilo kwa utaratibu na kupewa majibu.

Ni vema ieleweke kwanza kwamba mita ya malipo ya kabla inaweza kubeba deni, na vyanzo vyake havifanani. Chanzo cha kwanza ni kodi ya jengo, ambayo tangu Agosti 2021 hukusanywa kupitia ununuzi wa umeme. Ilianza kwa Sh. 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na Sh. 5,000 kwa kila ghorofa, na kuanzia Julai 2023 viwango hivyo vikawa Sh. 1,500 na Sh. 7,500. Nyumba ya kawaida iliyokaa miezi sita bila kununua umeme itakatwa Sh. 9,000 siku mwenyewe atakaponunua. Makato hayo si malipo ya umeme, na Shirika la Umeme Tanzania (TANESCO) ni wakala tu wa kuyakusanya.

Chanzo cha pili ni mita mbovu, inayopitisha umeme bila kuhesabu uniti zote zilizotumika. Chanzo cha tatu ni mita iliyochezewa au umeme uliochepushwa usipite kwenye mita, kitendo ambacho ni kosa chini ya Sheria ya Umeme ya mwaka 2008. Chanzo cha nne ni deni lililobaki kwenye mita ya zamani, au lililoachwa na mpangaji au mmiliki aliyetangulia. Kila chanzo kina majibu yake, hivyo jambo la kwanza la mteja ni kufahamu anadaiwa kwa sababu ipi. Stakabadhi ya ununuzi wa umeme huonesha thamani ya umeme, kodi, tozo ya EWURA, tozo ya REA na deni lililokatwa, kila kimoja katika mstari wake. Anayefuta ujumbe huo kwenye simu mara baada ya kuingiza tarakimu 20 za tokeni hufuta ushahidi wake mwenyewe.

Endapo deni ni la umeme, mteja anapaswa kuhoji mambo manne. La kwanza ni chanzo chenyewe: ni kasoro gani iliyoonekana, nani aliyeikagua na taarifa ya ukaguzi inasemaje. La pili ni tarehe: kasoro inadaiwa ilianza lini, na ni ushahidi gani unaothibitisha siku hiyo. La tatu ni uniti: zimekadiriwa kwa msingi gani, na je, uniti ambazo mteja alikwisha kuzilipia katika kipindi hicho zimeondolewa? La nne ni bei: je, ni ya kundi la mteja huyo na ya kipindi kinachodaiwa?

Uzito wa maswali hayo huonekana katika hesabu. Tuchukue mfano wa mteja wa kundi la T1, ambalo bei yake iliyoidhinishwa na EWURA Aprili 2016 ni Sh. 292 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Tuseme anadaiwa miezi 10 kwa makadirio ya uniti 150 kila mwezi. Jumla ni uniti 1,500, sawa na Sh. 438,000. Lakini kumbukumbu zake zinaonesha kwamba kabla ya kasoro alikuwa akitumia wastani wa uniti 110, na katika kipindi cha kasoro alinunua uniti 80 kila mwezi. Pengo halisi ni uniti 30 kwa mwezi, yaani uniti 300 kwa miezi 10, sawa na Sh. 87,600. Ikithibitika kwamba kasoro ilidumu miezi minne pekee, pengo ni uniti 120 na deni ni Sh. 35,040. Mita ni ileile na bei ni ileile. Kilichobadilika ni tarehe ya kuanzia na msingi wa makadirio.

Kundi la bei nalo lisipuuzwe. Mteja wa D1, ambalo ni kundi la matumizi madogo ya majumbani, hutozwa Sh. 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na Sh. 350 kwa kila uniti inayozidi hapo. Ankara inayorundika uniti za miezi mingi na kuzihesabu kama za mwezi mmoja humwondolea mteja huyo nafuu ya bei ya chini. Ana haki ya kuomba hesabu ifanywe mwezi kwa mwezi.

Ushahidi mkubwa ni mita yenyewe, na mara nyingi hupotea siku inapobadilishwa. Kabla haijaondolewa ukutani, mteja apige picha namba ya mita, lakiri zake na kiasi cha uniti kinachosomeka, kisha ahakikishe mambo hayo yameandikwa kwenye fomu ya kazi na apate nakala. Asifungue mita wala kugusa lakiri kwa lengo la kuonesha ubovu, kwa kuwa kitendo hicho kinaweza kugeuzwa hoja dhidi yake. Mpangaji anayeingia nyumba mpya naye aandikiane na mwenye nyumba hali ya mita siku ya kukabidhiwa funguo, ili asibebeshwe deni la aliyemtangulia.

Pale ambapo mteja na mtoa huduma hawakubaliani kuhusu usahihi wa mita, kipo chombo cha kitaalamu kinachosimamia Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, nacho ni Wakala wa Vipimo (WMA). Kwa wakazi wa Sofu chombo hicho hakiko mbali, kwani kituo chake cha uhakiki wa vipimo kiko Misugusugu, hapo hapo Kibaha. Mteja anaweza kuomba kwa maandishi kwamba mita iliyoondolewa ihifadhiwe na ipimwe kabla ya deni kuthibitishwa. Vilevile, matumizi ya miezi miwili au mitatu kwenye mita mpya ni kipimo kizuri cha matumizi halisi ya nyumba, mradi idadi ya watu na vifaa vya umeme haijabadilika.

Lalamiko huanzia kwa mtoa huduma. Mteja anaweza kupiga simu namba 180 bila malipo, au kufika ofisi ya TANESCO iliyo karibu na kupewa namba ya taarifa. Hata hivyo, simu pekee haitoshi kwa deni la nyuma. Aandike barua fupi yenye namba ya mita, kiasi kinachodaiwa, maswali manne yaliyotajwa na nakala za stakabadhi, na abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa mapokezi. Katika barua hiyo aombe makato ya deni yasimame wakati uchunguzi ukiendelea, na kama kuna sehemu ya deni anayoikubali, aitaje na kupendekeza kuilipa kwa awamu. Anayekubali anachodaiwa kihalali huaminika zaidi anapokataa kisicho halali.

Asiporidhika na majibu, au asipojibiwa, lalamiko hupelekwa Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA), iliyoundwa kwa Sheria ya mwaka 2001, Sura ya 414. EWURA hupokea lalamiko kwa fomu maalumu, humtaka mtoa huduma ajibu, hujaribu kuwapatanisha wahusika, na usuluhishi ukishindikana husikiliza shauri na kutoa uamuzi. Asiyeridhika na uamuzi huo, awe mteja au mtoa huduma, anaweza kukata rufaa katika Baraza la Ushindani. Mwananchi asiyejua pa kuanzia anaweza kupata ushauri bila malipo kutoka Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA CCC), chombo kilichowekwa na sheria kutetea maslahi ya watumiaji.

Madeni halali ya umeme hayana budi kulipwa, kwa kuwa umeme usiolipiwa hupunguza uwezo wa kutunza njia za umeme na kuunganisha wateja wapya, na anayeiba umeme huwabebesha mzigo jirani zake. Lakini uhalali wa deni huthibitishwa kwa tarehe, vipimo na hesabu, na anayedai ndiye mwenye wajibu wa kuvionesha. Kwa mama lishe anayenunua umeme wa siku moja moja, tofauti ya Sh. 438,000 na Sh. 35,040 ni mtaji wa biashara yake. Hivyo wananchi wa Sofu na kwingineko wanahimizwa kutunza stakabadhi za umeme kama wanavyotunza hati nyingine muhimu, kuhoji kwa maandishi na kwa lugha ya staha, na kutumia vyombo vilivyowekwa kisheria kabla ya kulipa wasichokielewa.