Ugonjwa wa Wasiwasi kwa Akina Mama Wachapakazi



Mwezi huu tunapenda kuzungumza juu ya ugonjwa ambao tunauona mara kwa mara kwa wagonjwa wa nje, lakini wenyewe huja na jina jingine. Mama anasema ana malaria, au presha, au ugonjwa wa moyo. Tunampima, na vipimo vyote vinatoka vizuri. Hata hivyo mama huyo ni mgonjwa kweli.

Tutoe mfano. Mwalimu mkuu mmoja wa shule ya msingi alikuja kwetu akilalamika kwamba moyo unamwenda mbio, vidole vinakufa ganzi na usingizi hana. Alikuwa amekwisha kumeza dawa za malaria mara tatu bila kupimwa. Tulipomsikiliza kwa utulivu tulielewa zaidi. Kila jioni alijumlisha alama za wanafunzi mara nne au tano, ingawa walimu wake walikuwa wamekwisha kuzijumlisha. Saa tisa usiku aliamka akazijumlisha tena. Alikuwa pia mhazini wa jumuiya ndogo ndogo, na fedha za jumuiya hazikuwahi kupungua hata shilingi moja. Watu wote walimsifu. Yeye mwenyewe alituambia: "Kila siku nangoja siku ya kuumbuka."

Nini hutokea mwilini?

Mungu ametuumba na uwezo wa kujihami. Tukiona nyoka, ubongo hutoa amri, na tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini katika damu. Moyo hupiga haraka, pumzi huwa fupi, misuli hukaza. Nyoka akiondoka, mwili hutulia. Lakini kwa mwenye ugonjwa wa wasiwasi nyoka haondoki, maana yumo katika mawazo: "Je, nikikosea?" Kuhema haraka haraka hupunguza mno hewa ya ukaa katika damu, na hiyo ndiyo huleta kizunguzungu na ganzi ya vidole na midomo. Si uchawi, wala si moyo mbovu.

Wanawake hupata ugonjwa huu karibu mara mbili kuliko wanaume. Kupenda kazi nzuri si ugonjwa. Tatizo huanza pale mtu anapoamini kwamba thamani yake yote imo katika kutokosea. Wengi wao walikuwa mabinti ambao ng'ombe aliuzwa ili wapate karo, wakaambiwa: "Usituaibishe." Maneno hayo wameyabeba hadi leo.

Dalili zake

- Wasiwasi wa siku nyingi usiozuilika, hata mambo yakienda vizuri.
- Usingizi wa kukatika, uchovu, kichwa na shingo kuuma.
- Hasira za haraka kwa watoto na wafanyakazi.
- Kurudia kazi iliyokwisha, au kuiahirisha kwa hofu ya kukosea.
- Kushindwa kupumzika bila kujiona mvivu.

Tiba yake

Kwanza fika hospitali upimwe, kwa sababu upungufu wa damu na ugonjwa wa tezi ya shingo huweza kuleta dalili zinazofanana na hizi. Yakiwa hayapo, tiba kubwa ni ya mazungumzo. Daktari Aaron Beck wa Marekani aliianzisha namna moja ya tiba hiyo katika miaka ya 1960. Mgonjwa hufundishwa kuyachunguza mawazo yake na kuyajaribu kwa matendo. Wala si tiba ya matajiri tu. Huko Zimbabwe, Daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha akina bibi kuwasikiliza wagonjwa kwenye mabenchi nje ya zahanati, na kuwasaidia kutatua shida moja baada ya nyingine. Kwa Kishona hali hii huitwa kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Utafiti uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliohudumiwa na akina bibi hao walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Mwalimu wetu hatukumwambia "usijali", maana neno hilo halitibu. Tulimwomba aandike hofu yake. Akaandika: "Nikijumlisha mara moja tu nitakosea, na wazazi watasema sifai." Kisha tulipatana afanye jaribio la wiki mbili: ajumlishe mara moja, afunge daftari, asilifungue hadi kesho yake. Siku za kwanza alihangaika sana. Hofu ilipanda, halafu ikashuka yenyewe bila daftari kufunguliwa. Katika wiki ya pili kosa likatokea kweli. Mwalimu wa darasa aliliona, likasahihishwa, kazi ikaendelea. Hakuna aliyemcheka. Kosa lile lilimsaidia kuliko vidonge. Wasiwasi humjia bado siku za mitihani, lakini sasa anaujua, naye hulala.

Dawa zipo kwa waliozidiwa, kama fluoksetini, ambayo huchukua wiki kadhaa kuonyesha nafuu na haiachwi ghafla. Usinunue diazepamu dukani ili upate usingizi, kwani mwili huizoea upesi. Punguza chai ya rangi na kahawa jioni. Moyo ukienda mbio, keti, vuta pumzi taratibu kwa pua, itoe polepole zaidi, kwa dakika tano.

Kwa wenye dhamiri ya hofu

Wengine huungama dhambi ile ile mara nyingi wakidhani hawakuisema vizuri. Mtakatifu Tereza wa Mtoto Yesu aliteswa na hofu ya namna hiyo tangu mwaka 1885, akiwa na umri wa miaka 12, kwa muda wa mwaka mmoja na nusu hivi. Baadaye alifundisha njia ndogo ya kumtumainia Mungu kama mtoto. Mwaka 1997 Kanisa lilimtangaza kuwa Mwalimu wa Kanisa. Chagua padre mmoja, mweleze hali yako, na ufuate anavyokuelekeza.

Nanyi akina baba, msimsifu mama kwa kazi tu. Mwambieni pia akae, na ninyi mwoshe vyombo.

Mtu akisema maisha hayana maana au anafikiri kujiua, asiachwe peke yake. Aletwe hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo kwa maumivu makali ya kifua.

Mama mpendwa, acha jambo moja leo bila kulikamilisha. Kesho utaliona bado lipo, na wewe upo.