Pima Kona kwa Kona

Katika nyumba za Mji Mkongwe, Unguja, bado sijakuta chumba chenye kona nne zilizonyooka. Ndiyo maana nikiingia na futikamba sitosheki na urefu na upana. Napima pia kona kwa kona, mara mbili. Vipimo hivyo viwili visipolingana, chumba kimepinda, na ramani yangu lazima ipinde nacho. Nachora nyumba ilivyo leo, pamoja na nyufa zake na dari iliyobonyea. Ile anayoitamani mwenyewe ataichora mwingine.

Kazi ngumu ni kuta. Za mawe ya matumbawe na chokaa hufika nusu mita unene, pengine zaidi, na unene huo hauonekani ila mlangoni na dirishani. Kwa hiyo najumlisha vyumba na kuta zote, kisha nalinganisha na kipimo cha nje. Nyumba moja hesabu ilipungua karibu mita nzima. Bibi mwenye nyumba akacheka: “Mwanangu, hapo palikuwa na ngazi. Marehemu mzee aliiziba walipogawana na nduguye.” Fundi angetoboa ukuta ule bila kujua angekuta shimo.

Vyumba vyenyewe ni vyembamba, takriban mita tatu, kwa sababu boriti za mikoko hazivuki zaidi ya hapo. Anayebadilisha dari asiagize boriti zote kwa urefu mmoja. Chumba kilichopinda kinataka kila boriti ipimwe peke yake, na vichwa vyake vipate pa kuingia ukutani.

Kisha kuna timazi. Ukuta ukiegemea, naandika umeegemea kiasi gani na tarehe. Nikirudi baadaye ndipo najua kama bado unasogea. Beit al-Ajaib, jumba la hapa Mji Mkongwe la mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka Desemba 25, 2020. Sehemu iliyokwisha kuanguka haipimiki tena.

Siku hizi kuna mashine za leza, na watu wa mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town wamezitumia kwenye magofu ya Kilwa Kisiwani. Nazipenda, ila leza haioni nyuma ya kabati.

Wanaoniita zaidi ni warithi. Kugawa ni kazi ya kadhi. Mimi nawaonyesha tu choo kimeangukia upande wa nani, na hapo ndipo mabishano huanza.